Watoto Wawili wa Mzee Kiilu

Kitengela
Jumapili, 19 Januari 2025

Ndugu yangu Ndeti,

Dada yetu Soipan alipotea Jumamosi tarehe 10 Agosti mwaka jana, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kwenye ukurasa wa tatu wa kijitabu cha mazishi ya baba. Nimelisema kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitamaliza karatasi nikikuuliza hali ya hewa, na wewe utanijibu hali ya hewa.

Sasa salamu. Sisi huku tuko, Mungu hajatuchoka. Mbeke wangu ameingia kidato cha tatu na amerefuka, ananiangalia kutoka juu kama mtu anayetafuta kitu kwa rafu ya chini. Yadi yangu ya mawe inaendelea. Lori la pili lilivunjika springi pale njia ya machimboni, siku nne limelala, na wateja wa mawe hawajui pole. Vumbi ni lile lile. Mvua ya Novemba ilinyesha siku kumi na moja tu, nilihesabu.

Usishangae kuona kalamu. Kikundi cha familia kwenye simu nilitoka mwenyewe Oktoba. Na wewe nikikutumia meseji ya maana, unaandika, unafuta, unaandika, unafuta. Mara tatu nimekuta "ujumbe huu umefutwa". Karatasi haifutiki hivyo. Ukiichoma, wewe mwenyewe utajua umeichoma.

Haya. Wewe hukuwepo mazishini. Ulisema karatasi zako za kuishi huko ziko ofisini na ukitoka hutarudi, na mimi sikuuliza zaidi. Basi nikwambie vile ilikuwa. Mwenye kuongoza shughuli alisoma wasifu wa baba mwanzo mpaka mwisho. Alipofika ukurasa wa tatu akasoma: "Mzee Kiilu Masila ameacha watoto wawili, Mutheu na Ndeti." Unajua desturi yetu, mchanga unarushwa kaburini kwa mpangilio wa kijitabu, mtu anangoja jina lake. Soipan alikuwa mbele kabisa. Miezi kumi na minne alikuwa amemlisha baba kwa kijiko, Ndeti, ametoka Ewuaso Kedong ameacha mbuzi zake kwa watu. Mchanga alikuwa ameshauchukua, uko mkononi. Nikaitwa mimi. Ukaitwa wewe, akarusha binamu yetu Kitheka badala yako. Wakaitwa watu wa kanisa, wakaitwa majirani, akaitwa hadi yule aliyemuuzia baba trekta. Soipan akafungua mkono tu, mchanga ukaangukia viatu vyake. Akakunja kijitabu mara mbili, akakiweka kwa mkoba, akaenda jikoni kusaidia kupakua wali.

Wasifu uliandika wewe. Nilikupa kazi hiyo kwa sababu wewe ndiye ulisomeshwa. Mimi nilisomea machimboni, nikihesabu mawe yanayopanda lori. Sasa chifu anatakiwa kuandika barua ya mirathi yenye majina ya watoto wote, na amebandika kijitabu chetu kwa faili. Ekari sitini na nne, watoto wawili. Nikamwambia ni watatu. Akasema, "Mama, karatasi ni yenu. Nimwamini nani, nyinyi wa Agosti ama nyinyi wa leo?"

Nakuuliza mara moja tu: jina la Soipan lilitolewa na nani?

Jilinde na hiyo baridi.

Dada yako,
Mutheu


Plas Gwernfaen, Wales
23 Februari 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mutheu,

Barua yako ilifika tarehe 6, imelowa pembe moja. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hizo herufi zako zimesimama kama mawe yaliyopangwa. Mimi ni mzima. Baridi ipo lakini si ya kuua. Jua linachomoza saa moja na nusu na saa kumi na mbili jioni limeshatuaga, na hapo katikati halina nguvu ya kukausha soksi. Msalimie sana Mbeke. Mwambie urefu asiuogope, ni wa kina baba. Pole kwa springi.

Kazi yangu inaendelea vizuri, bado niko kwenye usimamizi wa hii nyumba kubwa ya kale. Nilikuwa nataka siku moja nikueleze habari zake, maana ingekufurahisha wewe mtu wa mashamba.

Nyumba ilijengwa na mwenye ardhi mmoja wa zamani, Hywel ap Morus. Hilo "ap" ni "mwana wa". Watu wa hapa walikuwa wanaitana kama sisi: Hywel wa Morus, wa Dafydd, wa fulani, mpaka pumzi iishe. Alizaliwa kama mwaka 1534, akafa 1611. Baba yake alikuwa na vishamba vitatu tu vya mlimani, vya kondoo. Hywel alipokufa alikuwa na mabonde mawili, kinu cha kusaga, na haki ya kuvua samaki mtoni. Alikuwa hakimu wa mtaa. Alijifunza Kiingereza ukubwani, akaanza kuandika jina lake vile Waingereza wanaandika, Howell Morris, hiyo "ap" akaitupa kama koti la umaskini.

Jambo la ajabu liko ukutani, pale ngazi zinapopinda. Kuna ngozi ya ndama, ndefu kuliko mlango, imechorwa mti wa ukoo wake. Alimlipa mtu wa kazi hiyo mwaka 1590 amchoree. Chini yuko Hywel, juu wako wafalme wa kale, simba, tai, ngao za rangi. Baba wa vishamba vitatu ameandikwa kwa dhahabu. Kuna bibi mmoja hapa, Bi. Eluned, ana miaka themanini na tisa, alikuwa mwalimu wa historia. Yeye ndiye hunieleza. Kando ya jina la Hywel kuna mahali ngozi imekwanguliwa kwa kisu, imebaki nyeupe, upana wa kidole. Wageni wakija hawaulizi simba. Wanauliza hapo.

Nimekuchosha. Hilo la ukurasa wa tatu ni jambo la kuongea uso kwa uso nikija, si la barua. Mazishi yana haraka nyingi, na makosa ya uchapishaji hutokea hata kwa wakubwa. Tusilifanye kubwa kuliko lilivyo.

Nawaombea.

Mdogo wako,
Ndeti


Kitengela
30 Machi 2025

Ndeti,

Tunaendelea. Mvua imeanza vizuri, yadi imekuwa matope na nimeweka kokoto mlangoni. Mbeke alikuwa na tonsili, amepona. Kitheka amepata mtoto wa kike, na ukitaka kutuma chochote tuma nepi.

Nilikuuliza habari za Soipan, ukanijibu habari za Hywel. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu kama mtu anayetafuta nyama kwa supu ya shule. "Makosa ya uchapishaji." Kosa la uchapishaji ni Kiilu kuandikwa Kilu, Ndeti. Mashine haiwezi kuchukua mtoto na kubadilisha "watatu" kuwa "wawili" na kupanga sentensi upya.

Kwa vile hujibu, nilienda kutafuta mwenyewe.

Jumanne tarehe 18 nilikwenda Kajiado, ofisi ya ardhi, nikalipa nikaomba kuona rejista ya zamani ya ile ranchi ya kikundi, ardhi ya pamoja ya Wamaasai kabla igawanywe. Kijana wa hapo aliniuliza natafuta nini, nikamwambia namtafuta baba. Tulimpata. Namba 212, mwaka 1970. "Kiilu Masila, mkwe wa Lemein." Hapo tu. Hakuna kitu kingine.

Sasa wewe fanya hesabu na mimi. Sisi tuliambiwa baba alipata shamba kwa sababu alikuwa mchapakazi, wazee wakampenda. Mkamba, kutoka Machakos, wakampenda tu. Mwaka 1970 mama yetu Kalunde alikuwa na miaka kumi na saba, hajawahi kuiona hii tambarare. Alikuja 1973. Mimi nikazaliwa 1974, wewe 1980. Soipan ni wa 1966. Ile namba 212 iliandikwa Soipan akiwa na miaka minne, na mama yake, Soila, yuko hai. Lemein hakumpa Kiilu ardhi. Lemein alimpa ardhi mume wa binti yake Soila, ili binti yake na mjukuu wake wasikose pa kulisha. Soila akafa mwaka uliofuata. Ardhi ikabaki kwa mkwe, mkwe akaoa kwetu, na sisi tukazaliwa juu yake.

Tumemtoa kwa kijitabu mtu ambaye bila yeye hakuna shamba la kuandikia kijitabu. Nilitoka hapo ofisini nikakaa kwa pikapu dakika arobaini. Sikuweza kuwasha.

Jumamosi nikaenda Ewuaso Kedong. Nilimkuta zizini, ameinama, amemshika mbuzi pembe, anamwangalia kwato.

"Takwenya," nikamsalimia vile alinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo.

"Iko," akaitikia bila kugeuka. "Umekuja na lori la mawe ama umekuja na maneno?"

"Nimekuja na sukari."

"Kilo ngapi?"

"Mbili."

Hapo ndio akageuka. "Mtu wa hesabu kama wewe, Mutheu. Miezi saba, kilo mbili?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanawa, akanipikia chai, maziwa mengi vile napenda. Tulikunywa kikombe cha kwanza tukiongea mbuzi. Cha pili nikamwambia nimeona rejista. Akasema, "Mimi sihitaji rejista. Mama yangu amezikwa pale mnapoegesha trekta." Ulikuwa unajua hiyo, Ndeti? Mimi nilikuwa sijui. Nimekanyaga hapo miaka yote.

Nikamuuliza anataka nini. Nilifikiri atasema hataki kitu, anataka jina tu, vile watu wazuri husema, na mimi nirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Akaniambia: "Nataka vyote viwili. Jina bila malisho ni kelele. Malisho bila jina, kesho mtasema mlinisaidia." Kisha akasema, "Mimi siendi kortini na watoto wa baba yangu. Nilikubeba mgongoni, siwezi kukuita mshtakiwa. Lakini wanangu hawakukubeba. Hao wataenda."

Chifu anasema barua itatoka mwisho wa Juni. Ili aandike watatu, wale wawili wa kijitabu lazima waape kwa maandishi kwamba kijitabu kilisema uongo. Wote wawili. Mmoja hatoshi.

Usiniletee tena simba na tai. Nani alimtoa?

Mutheu


Plas Gwernfaen
18 Mei 2025

Dada Mutheu,

Salamu kwako na kwa Mbeke, na kwa mtoto wa Kitheka, nepi nimetuma. Huku miti imetoa majani yote mara moja, mambo ya ajabu, kama watu wameambiwa wasimame. Bi. Eluned alikuwa mgonjwa wiki tatu na sasa ameanza kukaa kwa kiti. Nimechelewa kujibu. Barua hii nimeiandika mara nne. Zile tatu nimezichoma, na kweli, vile ulisema, nilijua nimezichoma.

Nitakuambia kwanza la Hywel, usikasirike, kwa sababu bila hilo siwezi kufika kwa lile lingine.

Aliyekwanguliwa anaitwa Ieuan. Alikuwa kaka yake mkubwa, baba mmoja. Morus alimpata kwa mwanamke wa kwanza, kabla ya ndoa ya kanisani. Na vile vishamba vitatu vilikuwa vya ukoo wa huyo mwanamke. Kwa sheria ya kale ya hapa, mtoto akikubaliwa na baba yake ni mtoto, anagawana sawa na wenzake, hakuna wa ndani wala wa nje. Sasa Hywel akiwa mdogo ikaja sheria ya Waingereza: anayerithi ni wa ndoa, na wa kwanza anachukua yote. Mwaka 1556 Hywel, kijana wa miaka ishirini na mbili, akaenda mahakamani akasema kwa kinywa chake, "Ieuan si ndugu yangu, ni mtu aliyelelewa kwetu." Ndio mwanzo wa hayo mabonde mawili. Miaka thelathini na minne baadaye mchoraji alimwandika Ieuan kwenye ngozi, kwa sababu watu wa mtaa walikuwa wakimjua, na Hywel akamkwangua. Kwenye wosia wake alimwachia mjukuu wa Ieuan fahali mmoja na koti kuukuu. Bi. Eluned ameziona karatasi hizo kwa macho yake.

Alinisimulia hayo mwezi wa Septemba, mwezi mmoja baada ya mazishi. Nilikuwa namkausha miguu.

Ndiyo, dada. Nilikuwa namkausha miguu. Mimi si msimamizi wa nyumba. Nyumba hii siku hizi ni makao ya wazee, na kazi yangu ni kuwaosha, kuwageuza kitandani, kuwavalisha, kuwalisha. Miaka sita. Nyumbani nilisema meneja, watu wakapiga makofi kanisani, nikashindwa kurudi nyuma. Nimewaosha baba za watu nisiowajua, Mutheu, na baba yangu akaoshwa na Soipan. Halafu nikakaa chini kumwandikia wasifu.

Sasa nikujibu. Rasimu ya kwanza niliandika watatu. Soipan, Mutheu, Ndeti, kwa mpangilio huo. Niliituma Jumatatu tarehe 5. Usiku huo nikakaa na hesabu, si wewe peke yako unayejua kugawanya. Sitini na nne kwa tatu ni ishirini na moja na kitu. Kwa mbili ni thelathini na mbili. Nilikuwa nimejiambia nikirudi nitarudi kama mtu, na ishirini na moja niliona haitoshi kufunika uongo wa miaka sita. Jumanne nikatuma rasimu ya pili, watoto wawili. Chini yake nikaandika: "Hii itatusaidia baadaye kwa mambo ya shamba. Lakini wewe ndiye uko hapo, amua wewe."

Hujajibu meseji hiyo mpaka leo. Nilipoona kijitabu kimechapishwa nikajua umeamua. Na sasa umeniandikia barua mbili kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umevunjwa. Mimi nilileta nyundo, sikatai. Lakini uliyekuwa mlangoni ni wewe.

Sijui kama naweza kusaini. Kiapo kikisomwa huko, kitasomwa kanisani, kitasomwa kila mahali. Sijui.

Ndeti


Kitengela
Jumapili, 8 Juni 2025

Ndugu yangu Ndeti,

Nepi zilifika, ni kubwa, akikua zitamtosha. Mbeke amekuwa wa sita darasani. Mvua imekatika lakini nyasi ipo. Barua hii nimeituma kwa kampuni ya vifurushi, wanasema siku tano, na ndani kuna karatasi mbili za wakili. Utazielewa ukifika mwisho.

Umesema kweli. Sasa na mimi niseme, na sitachoma.

Jumatano tarehe 7 Agosti saa tisa mchana nilikuwa kwa duka la kuchapisha, hapa hapa Kitengela, nyuma ya benki. Nilikuwa na rasimu zote mbili kwa simu. Nelima, yule mama wa kuchapisha, alizifungua zote kwa kompyuta yake, akaziweka kando kando. Akaniuliza, "Mama, hapa ya kwanza iko na watoto watatu, hii ya pili iko na wawili. Tunaenda na gani?"

Sikufikiria ekari, Ndeti. Naapa kwa kaburi la mama. Hesabu ya ekari ningeifanya kwa kichwa nikiwa nimelala, lakini siku hiyo sikuifanya. Niliangalia tu ile ya pili. Ilikuwa imeandikwa: "Mutheu, kifungua mimba wake."

Wewe hujui kuwa wa katikati. Baba alikuwa na binti wa kwanza aliyemwita "mama yangu", na kijana wa mwisho aliyepelekwa shule kwa ng'ombe tatu. Mimi nilipomaliza darasa la nane akaniambia machimbo yanatafuta watu. Nilianza kwa kuhesabu mawe ya wenye malori, leo malori ni yangu, na hata siku moja hakuniambia umefanya vizuri. Ile wiki ya mwisho hospitali, nikiingia, alikuwa anauliza, "Soipan ameenda wapi?" Mimi niko hapo nimelipa kitanda, nimeshika chungwa.

Nikamwambia Nelima, "Ya pili."

Akaangalia tena kioo cha kompyuta. Ni mtu makini, haharakishi kazi. Akaniuliza, "Na huyu Soipan ni nani?"

Nikasema, "Ni jamaa tu."

"Nakala ngapi?"

"Mia nne."

Mia nne, Ndeti. Mara mia nne nilikuwa mtoto wa kwanza wa baba yangu. Na yule niliyemwita jamaa tu alinibeba mgongoni mpaka nikawa na miaka mitatu, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka kumi na moja. Mama alikuwa akilima, nani mwingine angenibeba? Mazishini nilimwona na mchanga mkononi. Hatua nne kati yangu na yeye. Ningeweza kusema jina lake kwa sauti, ningeweza kumshika mkono tu tukarusha pamoja, na hakuna mtu angeuliza kijitabu. Nilinyamaza, kisha nikarusha wa kwanza.

Halafu nikakuandikia wewe barua za kukuuliza nani alimtoa. Nilitaka useme ni wewe ili niamini.

Wiki iliyopita nilirudi Ewuaso Kedong, nikamwambia Soipan hivi vile nimekuandikia, na ile "jamaa tu" nikaisema. Hakunitukana. Nikamwomba anitukane, akakataa. Akasema, "Wewe ulitaka kuwa mkubwa. Basi ungejua kazi yake." Akanipa kamba, nikafunga ndama mpaka jioni, na mgongo unaniuma mpaka leo. Kabla niondoke nikamsimulia habari ya Hywel wako. Alisikiliza hadi mwisho, hadi wosia, fahali mmoja na koti kuukuu. Akauliza, "Na huyo fahali, bila malisho, atakula koti?"

Sijasamehewa. Usielewe vibaya. Alinipa chai lakini hakunisindikiza kwa gari, na wewe unajua Soipan humsindikiza hadi mtu wa kununua ngozi.

Sasa kazi.

Alhamisi tarehe 5 nimeapa mbele ya wakili Kajiado. Kifungu cha nne cha kiapo changu kinasema: "Nilijua mzee ana watoto watatu, na nilimwambia mchapishaji achapishe wawili." Kimesainiwa, kimepigwa muhuri, kiko kwa chifu. Jumapili ijayo nitasimama kanisani nikisome mwenyewe, kabla watu wengine wakisome kwa niaba yangu. La kwako nimelinyamazia. Hakuna mahali nimeandika kazi yako huko, na hakuna mahali kiapo chako kinakuuliza. Hayo ya kuosha wazee ni yako, utasema ukitaka. Mimi sioni aibu hapo. Aibu iko kwa ile rasimu ya Jumanne, na hiyo ni sentensi moja tu. Wakili ameshaiandika. Tafuta mwanasheria hapo ulipo, apige muhuri, piga picha, nitumie, kisha utume karatasi yenyewe.

Pale tunapoegesha trekta nimeshatoa trekta. Nimezungusha mawe, yangu ya yadi. Hilo silikuombi wewe.

Ishirini na moja na kitu ni ardhi, Ndeti. Mimi nilianza bila hata futi moja. Na usiniambie tutaongea ukija, kwa sababu chifu anapiga muhuri Jumatatu tarehe 30, na baada ya hapo tutakuwa kortini, na ukinilazimisha kwenda huko nitakaa upande wa wanawe Soipan nikiwa na rasimu zako zote mbili mkononi. Sijakuandikia hivyo kwa hasira. Nimekuandikia ili usije ukasema hukujua.

Najua utaandika, utafuta, utaandika. Sitaki barua ndefu. Sitaki maelezo, sitaki sheria ya Waingereza, sitaki "sijui", hiyo nimeshaisoma mara mbili kwa barua moja. Nataka meseji ya neno moja kabla ya Ijumaa tarehe 27 Juni, saa kumi jioni, saa za huku. Simu itakuwa kwa meza ya yadi, na sitauza hata jiwe moja siku hiyo mpaka ilie.

Soipan binti Kiilu ni dada yako: ndiyo au hapana?

Mutheu